Neno Halikufika Nyuma

Sindano hakuwa mtu wa kutulia. Karakanani, alikoshona makochi na viti vya magari, alikanyaga cherehani huku amekalia ukingo wa kiti, kama kuku asiyejua atage wapi. Nyumbani alianza kufagia kabla watu hawajamaliza kula. Jina lenyewe alipewa na wenzake wa kazini, nao walikuwa na sababu mbili: wembamba wa mwili na ukali wa ulimi. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na usingizi mwingi, na akiulizwa habari za mkewe hujibu, "Mimi nimeoa upepo. Nikisahau dirisha wazi, nimeachika."

Kitu kimoja tu kilimtuliza: baiskeli. Kila Jumapili, jua likiwa bado halijapata makali, Sindano alijiunga na kikundi cha waendeshaji waliokutana mbele ya kituo cha mafuta, wakatoka pamoja hadi nje ya mji na kurudi. Walikuwa watu wa kila namna. Kulikuwa na karani wa mahakama, mwoka mikate, muuguzi, na mtu na mkewe waliogombana njia nzima ya kwenda, kisha wakarudi wamepatana. Kiongozi wao alikuwa mwalimu wa shule ya udereva, mwanamume mfupi aliyevaa firimbi shingoni hata akienda sokoni. Watu wakamwita hivyo hivyo, Firimbi.

Firimbi alikuwa na sheria, na hakuchoka kuzirudia. Barabara ikiwa pana, wawili wawili. Ikibana, mmoja mmoja. Usiingize tairi lako la mbele ubavuni mwa tairi la mwenzako. Usibane breki ghafla kana kwamba uko peke yako duniani. Dereva akikupisha, mwinulie mkono umshukuru. Mtu wa miguu akivuka, simama, wala usimpigie kengele kama unafukuza mbuzi shambani. Na juu ya zote, neno. Aliye mbele ndiye mwenye macho. Akiona shimo, tuta au mchanga, analitaja na kulionyesha kwa mkono, na kila mmoja analipokea neno na kumpa aliye nyuma yake, mpaka lifike mkiani. Gari likitokea nyuma, neno linaanzia mkiani na kupanda hadi mbele.

"Ukiwa katikati ya msafara," Firimbi alizoea kusema, "unachokiona ni mgongo wa mtu. Roho yako iko kwa mwenye mgongo. Naye asikae nayo kimya."

Wengine waliziona kelele hizo ni kero. Sindano alizipenda. Miguu ikizunguka, masikio yakisubiri neno na mdomo ukilitoa, kile kitu kilichokuwa kikimtekenya moyoni kutwa kucha kilikosa nafasi ya kuketi.

Halafu wifi yake akajiunga.

Wifi alikuwa dada wa mumewe, mkubwa wake kwa miaka michache, msusi mwenye saluni ya chumba kimoja iliyojaa viti vya plastiki na umbea wa mtaa mzima. Kusimama kutwa kulikuwa kumemvimbisha miguu na kumpandisha presha, daktari akamwambia atafute zoezi kabla zoezi halijamtafuta yeye. Basi Jumapili moja akatokea kituoni na baiskeli ya kuazima, kofia ngumu imekaa juu ya misuko yake kama sufuria juu ya mafiga. Firimbi, asiyejua lolote la familia ya watu, aliupima mwendo wake, akauona unalingana na wa Sindano, akamweka nyuma yake.

"Nyinyi mtafuatana vizuri," akasema, ameridhika.

Sindano hakujibu. Wifi naye hakujibu. Walikuwa hawasemeshani tangu msiba wa mama.

Mama mkwe alikuwa ameuguzwa nyumbani kwa Sindano. Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo. Moyo ulichoka kusukuma, maji yakamjaa miguuni mpaka kifuani. Daktari aliwaita mke na mume akawaambia bila kuzunguka: maji ya kunywa kwa kipimo, mkimzidishia mnamzamisha kitandani. Kazi hiyo ya kumpimia mgonjwa maji ilimwangukia Sindano, kwa maana mumewe hakuiweza. Mama akimwomba, yeye hutoka nje akaenda kusimama karibu na tangi, akilia kama mtoto. Sindano ndiye aliyebaki chumbani. Mama mkwe alimwomba kwa upole, akamwomba kwa ukali, mwishowe akamwita majina ambayo mtu mzima hamwiti mkwewe. Sindano alilowesha kitambaa, akampangusa midomo, akasema, "Baadaye kidogo, mama."

Mchana mmoja wifi alikuja kumjulia hali mama yake akamkuta analia kiu. Aliondoka bila kusema neno. Alilisema siku ya mazishi, ndugu wamejaa sebuleni mpaka kibarazani, tena kwa sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa.

"Mama yangu amekufa na kiu," alisema, "katika nyumba ya fundi bomba."

Watu waliinamisha vichwa. Mmoja alipitiwa akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Fundi bomba alisema, "Dada, basi," mara moja tu, akarudi kuangalia mikono yake. Na Sindano, mwenye ulimi wa kuchoma, hakupata la kujibu. Kilichomkaba ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Mara nyingi alikuwa amejiuliza kama siku ile ya mwisho angempa kikombe kizima, ingeharibika nini ambacho hakikuwa kimeharibika tayari.

Tangu hapo fundi bomba akawa posta yao. Mwambie dada yako sahani zake ziko hapa. Mwambie mkeo sizitaki.

Kwa hiyo kule barabarani palikuwa na kioja ambacho wao wawili tu walikijua. Wiki baada ya wiki, maneno pekee yaliyopita kati yao yalikuwa shimo, tuta na mchanga. Sindano aliyatupa nyuma bila kugeuza shingo, kama mtu anayemwaga maji machafu uani, na wifi akayaokota akayapeleka kwa muuguzi aliyemfuata. Ikawa inakwenda.

Jumapili yenyewe ilianza vibaya. Walipokuwa wakijaza upepo pale kituoni, wifi alimpa muuguzi chupa yake ya maji. "Kunywa, mwenzangu, usione haya," akasema, na watu wakasikia. "Mimi na maji hatunyimani na mtu."

Huenda hakuwa na maana yoyote. Huenda alikuwa nayo. Muuguzi alicheka na kunywa. Sindano aliinama akaikaza nati iliyokuwa imekaza tayari, na walipoondoka alikuwa akikanyaga pedali kwa hasira kiasi cha mwoka mikate, aliyekuwa mbele yake, kugeuka na kusema kwa ile sauti yake laini, "Taratibu, mama, utanipanda."

Nyuma ya kiwanda cha sabuni barabara inabana na kuteremka, ukuta upande mmoja na mtaro upande wa pili. Firimbi alipuliza: mmoja mmoja. Wakajipanga. Mteremko ukawachukua, upepo ukaanza kuvuma masikioni. Mtu alikuwa ameng'oa mfuniko wa chuma wa mtaro, pengine akauze chuma chakavu, na pale palipokuwa na mfuniko pamebaki mdomo mweusi.

"Shimo kushoto!" Firimbi aliita.

"Shimo kushoto!" karani akapokea.

"Shimo kushoto," akasema mwoka mikate, na mkono wake mnene ukaonyesha.

Sindano alisikia. Alilisikia wazi kama anavyoitwa jina lake. Mikono ikavuta usukani kulia, baiskeli ikapinda ukingoni mwa shimo, na mdomo wake ukafunguka. Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi. Palikuwa na nafasi ya pumzi moja. Ile pumzi ikapita.

Kilichofuata ni mlio wa chuma juu ya chuma, kisha kishindo kizito, kisha breki zikilia mfululizo huko nyuma. Hakuna mwingine aliyeanguka, kwa kuwa walikuwa wameachiana nafasi kama walivyofundishwa. Muuguzi alitupa baiskeli yake ukutani akakimbia. Wifi alikuwa amelala ubavu, kidevu kinavuja damu, kifundo cha mkono wa kulia kimepinda upande ambao kifundo hakipindi. Kofia yake ngumu ilikuwa imepasuka kutoka paji hadi kisogo.

"Kofia ndiyo iliyokufa," muuguzi alisema akimpapasa kichwa. "Kichwa kizima. Mshukuruni Mungu, halafu mniletee gari."

Aliyeleta gari alikuwa Sindano. Alipanda tena mteremko mbio, akasimama katikati ya barabara amenyoosha mikono, akasimamisha teksi ambayo ilikuwa na mteja ndani na kumshusha mteja kwa maneno matatu. Alikaa nyuma na wifi, akaushikilia ule mkono juu ya mapaja yake ili usitikisike. Njia nzima wifi alimwangalia. Hakusema kitu. Hata hospitali, alipoulizwa ilikuwaje, alijibu, "Sikusikia," akafumba macho.

Fundi bomba alifika na suruali yenye matope hadi magotini. Alimkuta mkewe amebeba mkoba wa dada yake, viatu vya dada yake, na ile kofia iliyopasuka. Alimshika bega.

"Asante, mke wangu. Mimi nilijua tu siku moja mtarudiana."

"Mimi sikufanya kitu," Sindano akajibu. Akagutuka aliposikia alichokisema, maana kilikuwa kweli tupu.

Wiki ile hakuwa na pa kukaa. Kazini alishona kifuniko cha kochi zima ndani nje, akakifumua, akakishona tena ndani nje. Msimamizi alimwuliza kama anaumwa akajibu ana haraka, na alipoulizwa haraka ya nini hakujua. Nyumbani alihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, akaona halifai, akalirudisha. Alikuwa akianza kukatakata kitunguu anakwenda kuanika nguo, akianza kuanika anakumbuka kitunguu. Jumatano alitoka karakanani kabla ya saa akaenda mpaka nyuma ya kiwanda cha sabuni. Msamaria fulani alikuwa amechomeka tawi la mti shimoni na kulifunga kitambaa chekundu. Sindano alisimama akalitazama tawi lile mpaka mlinzi wa kiwanda akamwuliza kama amepoteza kitu.

Alichokuwa akikitafuta ni ile pumzi moja. Alitaka kujua kama neno lilikataa kutoka au yeye ndiye aliyelizuia. Kila alipoirudia, mteremko ulikuwa uleule, sauti ya mwoka mikate ileile, lakini alipofika pale mdomo unapofunguka, hakuona kitu. Wakati mwingine aliona chupa ya maji.

Alhamisi alijaribu kumwambia mumewe. Fundi bomba alikuwa amelala chali chini ya sinki la jikoni kwao, miguu nje, kichwa ndani.

"Baba, kuna kitu nataka kukwambia."

"Nipe ile spana kubwa."

Akampa.

"Ni habari ya dada yako. Siku ile."

"Usijilaumu." Sauti yake ilitoka kabatini kama ya mtu aliye kisimani. "Kama si wewe kumkimbiza, daktari amesema vidole vingekufa ganzi. Mwenyewe nimemwambia dada: unaona sasa huyo uliyekuwa unamtukana? Sasa nipe utepe."

Sindano akampa utepe. Akaenda kufagia ua uliokuwa umefagiwa.

Jumapili iliyofuata watu walifika kituoni kama kawaida, lakini hakuna aliyepanda. Firimbi alikuwa ameshika firimbi yake mkononi badala ya kuivaa.

"Nimefikiri," alisema, "nimeona niachie mwingine uongozi. Sauti inachoka, na umri ndio huo. Nilisema shimo, lakini inaonekana sikusema kwa nguvu ya kutosha."

"Ulisema," karani akakataa. "Nililisikia, nikalipitisha."

"Kwa nani?"

Macho yote yakaenda kwa mwoka mikate. Yule bwana alikuwa na mwili wa watu wawili na sauti ya nusu mtu; wenzake walimtania kwamba maneno yake hutoka kabla hayajaumuka. Siku hiyo hakuna aliyetania.

"Nilisema," alijibu. "Nadhani nilisema."

"Unadhani?" akauliza yule mke mgomvi.

"Nilionyesha na mkono pia." Aliuangalia mkono wenyewe. "Labda sikupaza. Ninyi mnanijua. Labda... labda ni mimi."

Akatoa kitambaa, akajifuta uso, na ilionekana wazi kwamba hakuwa anafuta jasho. Watu walianza kunung'unika: mara nyingi tumemwambia, mtu wa namna hii hafai katikati ya msafara. Sindano alikuwa amesimama pembeni, akibana na kuachia breki, kubana na kuachia.

"Alisema," akatamka.

Wakageuka.

"Alisema na nikasikia. Neno lilifika kwangu."

"Kisha?" akauliza Firimbi.

"Kisha nikanyamaza."

Pampu ya mafuta iliendelea kunguruma ikijaza gari la mtu. Firimbi alimtazama kwa muda, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema alimfungulia mlango wa kutokea. "Ulisahau. Hutokea. Mtu amekwepa, akili imebaki kwenye tairi..."

Sindano aliuona ule mlango. Ulikuwa wazi kabisa. "Sikusahau," alisema. "Nilikuwa nalo mdomoni. Yule ni wifi yangu na hatusemezani. Sijui kama nilikusudia, lakini kusahau sikusahau."

Muuguzi alivua kofia yake polepole, akaikumbatia.

"Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake," alisema. "Nina watoto nyumbani. Ungejuaje kwamba angeanguka yeye, nisianguke mimi juu yake? Ugomvi wenu ni wa watu wawili. Barabara tulikuwa wote."

Hilo Sindano hakuwa amelifikiria hata mara moja kwa wiki nzima.

"Nenda ukamwambie mwenyewe," Firimbi alisema. Hakuwa mkali, lakini hakumtazama tena. "Nenda sasa hivi. Habari kama hii haingoji mtu."

Ni kweli, maana yule mke mgomvi alikuwa ameshaishika simu.

Sindano alipanda akaondoka kama mshale. Alipofika njia panda alisikia cheni nyingine ikizunguka nyuma yake. Mwoka mikate alikuwa anamfuata.

"Rudi," akamwambia.

"Haruhusiwi mtu kwenda peke yake akiwa na hali kama yako. Ni sheria."

"Nitakwenda mbio."

"Nenda tu. Nitajitahidi."

Akaenda mbio. Mitaa ilikuwa na watu waliotoka ibadani, watoto wenye soksi nyeupe, mikokoteni, mbwa aliyelala pale pale magurudumu yanapopita. Alitaka kuipasua njia, na mara mbili akajikuta amebana breki na kumpisha mtu avuke, mkono ukiinuka wenyewe kushukuru dereva. Karibu na shule palikuwa na tuta lisilopakwa rangi. "Tuta!" akapaza, kwa sauti iliyowashtua watu dukani.

"Nimesikia," ikaitika ile sauti laini, mbali huko nyuma, ikihema.

Mpaka anafika kwa wifi alikuwa ameshataja kila kokoto.

Wifi alikuwa ameketi chumba cha mbele, mkono umefungwa plasta ngumu nyeupe mpaka kiwikoni. Siku moja kabla ya ajali alikuwa ameanza kufumua misuko yake ili asuke upya, na ajali ikamkuta nusu. Sasa upande mmoja wa kichwa ulikuwa na misuko iliyochakaa, upande wa pili nywele zimetimka kama kichaka. Yeye, aliyepamba vichwa vya mtaa mzima, hakuwa tayari kumwita msusi mwingine amwone hivyo. Simu ilikuwa ikiita mezani. Sindano aliiangalia, akajua ni nani.

"Usiipokee," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu msiba. "Ninachokuja kusema ndicho hicho."

Akasema akiwa amesimama mlangoni, kofia bado kichwani. Alisema lote, pamoja na maneno ya muuguzi na jinsi mwoka mikate alivyolaumiwa bure. Simu iliacha kuita, ikaanza tena, ikaacha.

"Umemaliza?" akauliza wifi.

"Nimemaliza."

"Nilikuona ukikwepa."

Sindano aliushika mwimo wa mlango.

"Nilikuona. Mtu hapindi vile bure. Ningekufuata tu ningepita salama kama wewe." Wifi alikunja midomo kwa hasira, na haikujulikana hasira ni ya nani. "Nikasema moyoni: mimi nifuate njia ya huyu? Sifuati. Pumzi moja tu. Basi, nikaenda moja kwa moja kama mwenda wazimu."

"Hilo halinitoi mimi hatiani."

"Nani kasema linakutoa? Mimi nimevunjika mkono, nawe una mikono miwili. Sijakusamehe, usije ukatoka hapa ukasema nimekusamehe."

"Sijaja kuomba hilo."

"Haya." Wifi akasogeza kigoda kwa mguu. Aligusa ule upande wa misuko, akaushusha mkono. "Basi kama una mikono miwili, kaa hapo nyuma unifumue. Kichwa kinaniwasha nimekaribia kulia."

Sindano akavua kofia, akaketi, akachukua kitana. Vidole vyake vilizoea uzi, vikaingia kazini. Mwoka mikate alifika mlangoni, akawaona, akarudi nyuma taratibu na kukaa ngazini kutafuta pumzi.

Kisha wifi, akiangalia ukuta, akauliza, "Mama alikuwa akiomba maji kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe unamwambia nini?"

"Baadaye kidogo." Sindano alivuta uzi wa msuko taratibu. "Kaka yako alishindwa. Nami nisingeweza kuacha kila mtu ashindwe. Alinitukana, wifi. Matusi mengine sikujua kama anayajua."

Wifi alitoa sauti kama kicheko. "Aliyajua. Alitufundisha."

"Siku ya mwisho aliomba mara mbili. Mara ya pili nikampa vijiko vitatu zaidi ya kipimo. Sijamwambia mtu. Tangu siku ile sijui kama nilimwonea kwa kumnyima au kama nilimuua kwa vile vijiko."

Wifi hakugeuka. Bega lake moja lilianza kutikisika, kisha la pili. Sindano aliendelea kufumua, na nywele ziliendelea kulegea mikononi mwake, mpaka kichwa chote kikawa kimoja.

"Vijiko haviui mtu," wifi alisema hatimaye, pua imeziba. "Daktari alikuwa ameniambia hata mimi. Alinipigia simu, akanieleza habari ya maji. Nilijua." Alijifuta kwa mkono mzima. "Nilihitaji wa kulaumiwa awe mtu. Moyo hauna uso wa kutazama. Wewe unao."

Hawakukumbatiana. Sindano alifagia nywele na nyuzi zilizoanguka, safari hii palipokuwa na cha kufagia kweli.

Firimbi alirudi kwenye uongozi baada ya kubembelezwa kidogo tu. Hakumfukuza Sindano, ila alimwambia kweli: "Kwa sasa siwezi kukuweka mbele ya mtu." Akampeleka mkiani. Kwa mtu asiyetulia hiyo ilikuwa adhabu nzito. Mkia huenda kwa mwendo wa mchovu kuliko wote, na husimama kila mtu akitoka cheni. Muuguzi alikaa wiki nyingi bila kumsalimu zaidi ya lazima. Sindano aliyakubali. Alijifunza kusikiliza magari kwa mgongo, na alipoita "Gari nyuma!" neno lilipanda msafara mzima bila kupotea. Usiku wa kuamkia Jumapili bado ulikuwa mgumu kwake, na fundi bomba, aliyeambiwa yote siku ileile na kukaa kimya siku mbili, alijifunza kuhama kitanda kwenda kwenye kochi ili apate usingizi wake.

Mkono wa wifi ulipona, lakini haukurudi kama ulivyokuwa. Misuko myembamba ilimshinda. Akabaki na ile minene, akaajiri msichana wa kusuka ile mingine, akamlalamikia kutwa. Alirudi kikundini na kofia mpya. Firimbi alipomwuliza angependa kukaa wapi, alisema mkiani, kwa sababu ya presha yake. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Na wakaanza kusemezana. Tena walisemezana mno. Walikuwa na mwaka mzima wa maneno ya akiba, nayo yalianza kutoka Jumapili moja barabara ya nje ya mji, walipokuwa sambamba na njia ni pana. Wifi alitaka kaburi la mama lijengewe kwa vigae. Sindano akasema vigae ni vya bafuni. Wifi akasema mtu aliyeshona makochi maisha yake yote asimfundishe habari za urembo. Sindano akamkumbusha nywele zake zilivyokuwa siku ile kigodani. Sauti zikapanda, mikono ikaanza kutoka kwenye usukani, na watu wa mbele wakawa wanageuka kutazama.

Firimbi alipuliza kwa nguvu zake zote. Lori lilikuwa linakuja, njia inabana, na wale wawili walikuwa bado sambamba.

"Pita wewe mbele," akasema Sindano.

"Nipite mimi kwani nimekosa nini? Pita wewe!"

"Wifi, lori!"

Wifi akapita mbele, akilalamika, na Sindano akaingia nyuma yake, akainua mkono kumshukuru dereva aliyepunguza mwendo. Lori lilipowapita kwa upole na vumbi lake, walikuwa bado wanabishana juu ya vigae.